Karibu Iliyokwama Puani

Sogeeni, na mwenye leso aiweke karibu, maana maneno haya yana tabia ya kumwasha mtu pua kabla hayajaisha. Yanatoka enzi ambazo leso ilikuwa ya kujifunga kichwani tu. Wakati huo pua za watu zilikuwa kavu. Mama hakumshika mtoto kisogo na kumwambia "penga", na ile tabia ya kuvutavuta kamasi mbele ya wageni haikuwa na jina kwa sababu haikuwako.

Mwili wa kila mtu ulikuwa kaya, na viungo vyake walikuwa wenyeji wa humo, wakiamkiana, wakigombana na kupatana kama sisi. Kaya ninayoisema ilikuwa ya mwanamke aitwaye Sikuzani, aliyeolewa kwa wakulima wa mtama, hodari wa kupepeta. Juu kabisa alikaa Mzee Kichwa, aliyependa kutoa amri kuliko kuuliza. Mbele, mahali ambapo kila mgeni aliyefika alipaona kwanza, alikaa dada yake, Bi Pua.

Nyumba ya Bi Pua ilikuwa na milango miwili iliyopakana, na hakuna hata mmoja uliokuwa na komeo. Usingeweza kuwa nalo. Ndani kabisa, kifuani, waliishi wajukuu zake, mapacha walioitwa Mapafu, na kazi yao ilikuwa moja tu, kumpokea Hewa, mgeni yule aingiaye na kutoka bila kuchoka. Hewa akikawia kidogo, mapacha walitapatapa. Akikawia zaidi, kaya nzima ingezimika, pamoja na Mzee Kichwa na amri zake. Bi Pua ndiye aliyekabidhiwa watoto hao, naye aliwapenda hivi kwamba hata akiwa katikati ya maongezi matamu sikio lake lilikuwa chini kwao. Msiniulize pua ilipata wapi sikio. Aliliazima kwa jirani.

Sifa yake kubwa ilikuwa ile karibu yake kwa wageni. Kwao, mtu kupiga hodi asijibiwe ilikuwa aibu ya ukoo mzima, na Bi Pua aliishika mila hiyo kwa mikono miwili. Hodi haijamtoka mgeni vizuri, yeye ameshajibu, "Karibu, pita ndani, pita." Harufu ya wali ilikaribishwa. Moshi wa kuni ulikaribishwa. Hata harufu ya choo cha jirani ilikaribishwa, kwa uso uliokunjwa, lakini ilikaribishwa.

Mdogo wake, Kinywa, aliyekaa nyumba ya chini yake, alimcheka sana kwa hilo. Kinywa alikuwa na mlango wa kufunga na kufungua apendavyo, na alijivuna nao.

"Dada, wewe utamkaribisha hata anayekuja kukuchomea nyumba," alimwambia siku moja, mashavu yamejaa.

"Na wewe ukiona chakula humkumbuki aliyekuzaa," Bi Pua akamjibu. "Kila mtu akae na ugonjwa wake."

Yakaja mavuno. Sikuzani aliketi uwanjani na mama mkwe wake, Bi Mwamize, kila mmoja na ungo wake, wakaanza kupepeta mtama. Upepo ulikuwa mzuri, makapi yakaruka, mazungumzo yakanoga. Bi Pua naye alikuwa ameshughulishwa na harufu ya mtama mpya, ambayo alikuwa akiipenda tangu utotoni, aliposikia hodi.

"Karibu," alisema, bila kuinua uso. "Pita ndani."

Aliyeingia ni Vumbi na ukoo wake wote. Huyo hana sura ya kushikika, ukimtazama unaona ukungu tu. Wakapita na kupita. Mwisho wa msafara alikuja msichana mdogo aliyejitanda kitambaa cha manjano, naye ni Chavua, ule unga wa maua. Maua ya mgunga yalikuwa yamemtuma kwa ndugu zao wa ng'ambo ya bonde, na kwa kuwa aliogopa kusafiri peke yake, alifuatana na msafara alioukuta njiani. Yeye hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, akamwamkia Bi Pua shikamoo, na hapo tu ndipo Bi Pua alipoinua uso na kuiona ile manjano. "Marahaba," akaitikia. Msichana akapumzika kidogo, akatoka na upepo, hakugusa kitu.

Vumbi hakupumzika kizingitini. Alipita ukumbini na miguu yake michafu, akashuka mpaka kwa mapacha, akajikung'utia nguo juu ya vitanda vyao. Kisha akajilaza katikati yao.

Bi Pua alisikia filimbi. Alidhani ni watoto wanacheza, mpaka alipotambua kwamba filimbi hiyo ni pumzi zao, zinapita kwa kubanwa. Alishuka mbio. Alimkuta Hewa amesimama mlangoni mwa chumba, hana pa kupita, na mapacha wamekakamaa macho juu. Huko nje midomo ya Sikuzani ilikuwa imebadilika rangi. Bi Mwamize alitupa ungo, mtama ukamwagika mavumbini, akawa anampigapiga mkwe wake mgongoni huku akimwita jina kama mtu anayemwita aliye mbali. Kifua kikatikisika kwa kikohozi, kikatikisika tena, na Vumbi akatolewa kidogo kidogo, hataki, mpaka jua likashuka.

Mapacha walipona, lakini walilala wamelegea kwa siku nyingi. Bi Pua aliketi kati ya vitanda vyao akisikiliza kila pumzi inavyoingia, na hakuiamini mpaka aisikie imetoka. Hakula. Aliona haya hata kwa Hewa.

Mzee Kichwa akaitisha baraza. "Nani aliyemwingiza yule?"

"Mimi, kaka."

"Kwa nini?"

"Alipiga hodi," akasema Bi Pua.

Hakuna aliyecheka, hata Kinywa. Mzee Kichwa akatoa amri kwamba milango ya dada yake ikandikwe udongo, na Hewa awe anapitia kwa Kinywa, kwenye mlango wenye kufungika. Kupoteza nyumba kulimuuma Bi Pua, lakini aliyekuwa akimwogopa ni Kinywa, kwa maana alimjua.

"Na Kinywa akila, watoto watavuta nini?" akauliza.

Kinywa aliinamisha uso. "Kwa hilo dada amesema kweli," alikiri. "Mimi nikiona ubwabwa sikumbuki mtu."

Mzee Kichwa alinung'unika, lakini alimpa dada yake muda. Vumbi akifika tena kwa mapacha, hata mara moja, milango inakandikwa na maneno yamekwisha. Bi Pua alirudi kwake na mzigo huo. Angefanyaje? Alijaribu peke yake kusema "hapana, rudi ulikotoka", akajikuta anasema "hapana, pita ndani". Ulimi wake haukuwa na njia nyingine.

Ndipo alipokumbuka kwamba mila ile ile ya hodi na karibu ina upande wa pili. Kwao, mgeni aliyetoka safari hukaribishwa, naam, lakini kabla hajakanyaga mkeka humiminiwa maji, akaoshwa miguu pale pale kizingitini. Huo si ukali, ni heshima. Na mwenye maji yasiyokauka alikuwa akimjua.

Nyuma ya paji la uso, ndani ya mapango ya mifupa, aliishi wifi yake aitwaye Kamasi. Alikuwa mwanamke mnene, mzito wa mwendo, na maji ya mitungi yake yalikuwa ya utelezi na ya kunata, hivyo watu walimsalimu kwa mbali wakiogopa kumpa mkono. Bi Pua, na ukavu wake aliojivunia, alikuwa hajamtembelea muda mrefu.

"Eh, leo wifi umepotea njia," Kamasi akamwambia. "Umekuja kunitembelea au umekuja kunichambua?"

"Nimekuja kukuomba uwaokoe watoto."

Kamasi hakuuliza la pili. Aliinuka, polepole kama ilivyo kawaida yake, akachukua mtungi na kata, akahamia kizingitini.

Lakini Kamasi alihitaji mtu wa kumwambia lini amimine kidogo na lini amimine sana. Wakampa kazi hiyo binamu yao, Mwasho, mtu mzima asiye na subira, ambaye hakuwa na ngoma wala baragumu. Akiona jambo yeye hukwaruza kuta kwa kucha, na kaya nzima hujua. Mwasho alitaka kufahamu jambo moja kabla ya kushika zamu.

"Huyo adui nimtambueje? Ana sura gani?"

Bi Pua akafumba macho kukumbuka. Alikumbuka harufu ya mtama. Alikumbuka filimbi. Sura hakuikumbuka kwa sababu hakuinua uso, na kusema hivyo mbele ya Mwasho aliona vibaya. Kitu kimoja tu alikuwa amekiona sawasawa siku ile.

"Manjano," akasema. "Palikuwa na manjano."

Mwasho akala kiapo papo hapo, mkono juu ya ukuta. "Nikiiona manjano, nitawaamsha wote, awe anakuja kwa amani au kwa vita."

Kiangazi hakijaisha, Vumbi akarudi. Alipiga hodi kwa sauti ya mwenyeji, maana karibu ya mara ya kwanza alikuwa ameizoea. "Karibu sana," Bi Pua akamjibu, "ila miguu kwanza." Kamasi akainamisha kata, akammiminia. Vumbi alipiga hatua ya pili, mguu ukanata. Akauvuta, wa pili ukanata. Ukoo wake uliokuwa nyuma ukamparamia, wote wakawa donge moja pale kizingitini, na baadaye wakatolewa nje kwa njia ambayo watoto mnaifanya hadharani na wakubwa tunaifanya tukidhani hatuonekani. Mapacha hawakujua hata kwamba kulikuja mtu. Bi Pua alikula siku hiyo, akaomba aongezewe.

Mvua zikanyesha, zikapita, na bonde lote likachanua. Sikuzani na Bi Mwamize walikuwa shambani wakipalilia, Sikuzani ana kipande cha muwa shavuni, na Kinywa, kwa hiyo, hakuwa akimsikiliza mtu. Safari hii Chavua alikuja peke yake. Alikuwa amekua kidogo, na alikuwa na kitambaa chake kile kile.

"Hodi, bibi," akasema. "Shikamoo."

Bi Pua alikuwa amejifunza. Aliinua uso kabla ya kujibu, akaona msichana mwenye adabu, macho makubwa, hana hata chembe ya uchafu miguuni. Moyo ukamtulia. "Ka...," akaanza.

Mwasho akaiona manjano.

Alikwaruza ukuta wa kulia, akakwaruza wa kushoto, akakwaruza dari. "Ka... ka...," Bi Pua akajitahidi, neno halitoki. Kamasi alisikia ule ukwaruzaji akadhani Vumbi amerudi na majeshi. Akaitupa kata. Alinyanyua mtungi, akaumwaga wote, akanyanyua wa pili, akaumwaga, akaendelea mpaka ukumbi ukafurika na kuta zikalowa, zikavimba. Macho, majirani wa juu ambao mfereji wao mmoja hupita kwa Bi Pua, waliona msiba umewafikia nao wakaanza kulia bila kuuliza nani amekufa. Karibu ya Bi Pua ikakwama katikati. Haikuweza kutoka, haikuweza kurudi. Ikajaa, ikajaa.

"Ka... kaa... kaaa... CHYAA!"

Maji, upepo na karibu vikatoka pamoja. Chavua alirushwa mpaka kwenye nyasi.

Bi Pua alisimama katikati ya maji, milango yote miwili imeziba kwa mafuriko na uvimbe, akatega sikio chini kwa wajukuu zake. Hakusikia kitu. Hewa alikuwa nje, anagonga, hapiti. Kitu alichokiweka mlangoni ili kuwalinda watoto ndicho kilichowafungia mlango. Aliita, na sauti yake ikatoka ya kubanwa, haifiki mbali.

Shambani, Bi Mwamize aligeuka akamwona mkwe wake uso umemvimba, machozi yanamchuruzika, amefumba mdomo. Siku ya mavuno ikamrudia nzima nzima. Jembe likamponyoka.

"Afya?" alipiga kelele, na hilo lilikuwa swali. "Sikuzani, afya? U mzima?"

Kinywa ndipo aliposhtuka. Alitazama juu kwa dada yake, akaona maji yanashuka ukutani. Mtu aliyesema yeye mwenyewe kwamba akila hamkumbuki mtu aliutema muwa, mtamu vile, bado una maji yake, akafungua mlango wazi wote.

"Hewa! Pita huku kwangu, pita, pita!"

Hewa akapita mbio. Na Bi Pua, kule juu, akasikia pumzi inaingia kwa mapacha. Akashika ukuta, akangoja. Ikatoka. Ikaingia nyingine, pana na safi, bila filimbi. Watoto hawakuwa na chembe ya vumbi kifuani, walikuwa wamengoja tu, wakishangaa mgeni wao amechelewa wapi. Bi Pua aliketi pale pale kwenye maji akalia na kucheka kwa wakati mmoja, na Kamasi, aliyekuwa bado ameshika mtungi mtupu, naye akaketi, wakashikana mikono bila mmoja wao kujali utelezi.

"Mzima, mama," Sikuzani akajibu, akihema kwa mdomo.

Bi Mwamize aliketi juu ya tuta, akaweka kiganja kifuani. "Afya," akasema tena, na safari hii hakuwa akiuliza. Alikuwa akishukuru.

Maji yalipopungua, sauti ndogo ikasikika kutoka kwenye nyasi. "Bibi, nimekosa nini? Mara ile nilikuamkia, ukaniitikia." Chavua alikuwa amelowa chapachapa, kitambaa kimemganda. Bi Pua akamtazama vizuri, akakumbuka marahaba yake mwenyewe siku ya mavuno, na akaelewa amemtendea nini mtoto wa watu. Alimwomba radhi pale pale, mbele ya kaya yote. Kisha akamgeukia Mwasho.

"Huyu siye. Mimi ndiye niliyekuelekeza vibaya. Futa kiapo."

"Sifuti," Mwasho akasema. "Wewe ulisema manjano. Nimeapa kwa manjano. Kesho utaniambia na Vumbi ni mjomba wako?"

Walimbembeleza, wakamkaripia, Mzee Kichwa akashuka mwenyewe na amri yake. Mwasho hakubadilika, na hajabadilika hadi leo. Bi Pua angeweza kumfukuza. Alilifikiria hilo. Lakini akaikumbuka filimbi, akakumbuka siku alizokaa kati ya vitanda viwili haiamini pumzi, na moyo wake ukamwambia amwache hivyo hivyo.

"Mwanangu," akamwambia Chavua, "kila msimu utapita hapa, na kila msimu nitakuaibisha, kisha nitakuomba radhi. Nivumilie. Nina watoto ndani."

Chavua alikamua kitambaa chake, akacheka kidogo. "Nitapita tu, bibi. Upepo hauniulizi ninapotaka kwenda."

Habari hii ilitembea kaya kwa kaya, na kila kaya ikamhamishia Kamasi kizingitini. Lakini sura ya adui ilipelekwa kwa mdomo, na mnajua maneno yakitembea. Walinzi wengine waliambiwa manjano. Wengine walisikia manyoya, wakaapa kwa paka. Wengine waliambiwa ukweli kamili na hawana shida na mtu. Ndiyo maana wawili wanaweza kupita shamba moja la maua, mmoja akaimba na mwenzake akatafuta leso.

Na tangu siku hiyo, Kamasi hakurudi mapangoni. Siku za kawaida huosha miguu ya wageni kwa kata, kimya kimya. Mwasho akiiona manjano, humwaga mitungi, macho hulia, na mtu hufungua mdomo, kwa maana Kinywa aliahidi hatausahau tena mlango wake. Mkisikia mtu anaanza "ka... ka...", msidhani anaumwa. Ni Bi Pua anajaribu kusema karibu. Ikishalipuka, aliye karibu humwambia "Afya!" kama Bi Mwamize, na Bi Pua, hapo mlangoni pake palipolowa, hainui hata uso. Kwanza husikiliza chini. Pumzi imeingia. Imetoka. Ndipo humwambia wifi yake aweke mtungi chini.